Bangili ya Shaba Kwenye Maziwa Mgando

Kibaoni, Jumamosi, Julai 1997

Upepo wa leo ni vumbi tupu. Umeanza asubuhi, na sasa jua linaelekea kuzama bado unavuma. Nimekaa mlangoni naandika huku natema mchanga. Moyoni nako hali ni hiyo hiyo. Niseme tu bila kuzunguka.

Nina wivu na Mwalimu Deo.

Haya, nimeandika. Nilidhani nikiandika nitapata nafuu kidogo. Wapi.

Nianze mwanzo, maana nikianza katikati nitajipendelea. Mimi ni fundi redio hapa sokoni. Meza yangu iko kwenye kibanda cha nyasi, jirani na wauza mchele. Kibaoni hatuna umeme, kwa hiyo kazi yangu kubwa ni betri. Mtu analeta redio anasema imekufa, nafungua, nakuta betri zimetapika ndani. Nyumba nyingi hapa ukitazama juu ya paa utaona betri zimeanikwa juani kama dagaa, eti zipate nguvu tena. Zinapata kidogo, za kusikilizia taarifa ya habari, halafu zinalala.

Sesilia ni mchumba wangu. Ni Mpimbwe wa hapa hapa, anauza mchele na mama yake, na Jumapili anaimba kwaya. Sisi ni Wasukuma. Tulishuka na ng'ombe kutoka Shinyanga mimi nikiwa tayari nina ndevu, ndiyo maana Kipimbwe hakijaniingia mpaka leo. Najua salamu, najua kuita kuku, basi.

Wapo wazee wa kwao waliosema, Msukuma wa nini, ng'ombe zake zitatumalizia mpunga. Wapo wa kwetu waliosema, Mpimbwe wa nini, hajui hata kukamua. Sisi wawili tulinyamaza tukaendelea na yetu. Mwisho mayu, mama yangu, alivua bangili ya shaba aliyoachiwa na bibi, akamvisha Sesilia mkononi mbele ya watu. Maneno yakaisha. Keshokutwa Jumatatu baba analeta ng'ombe za mahari nyumbani kwao.

Alikuwa analeta.

Nitafika huko. Kwanza Mwalimu Deo. Alihamia shule ya msingi hapa mwanzoni mwa mwaka. Kijana, shati limepigwa pasi hata siku ya kazi ya shamba, na ni Mpimbwe wa Usevya. Sikuwa na neno naye. Alikuja mezani kwangu akaomba waya wa shaba, ule mwembamba sisi mafundi tunauita kopa, akasema ni wa kufundishia. Nikampa bure. Akaomba na betri kuukuu nilizozitupa nyuma ya kibanda. Nikamwambia chukua hata zote, unanisaidia kufagia.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, akapanga vitu vyake kwenye benchi nje ya kanisa. Vikombe vitatu vya plastiki. Betri zangu alikuwa amezichana akatoa ile ngozi ya nje, bati laini la kijivu. Akatia kipande cha bati hilo upande mmoja wa kila kikombe, na upande wa pili kopa yangu aliyoisokota. Akaviunganisha vikombe kimoja kwa kingine, kopa ya hiki na bati la kile. Halafu akamimina siki. Siki hasa, ya kachumbari, chupa aliyoinunua Mpanda mjini kwenye maduka ya Kashaulili. Mwishoni akafunga kitaa chekundu, kile kidogo kinachokaa mbele ya redio kaseti.

Kikawaka.

Kwa vile jua lilikuwa kali, watu hawakukiona vizuri. Mwalimu akauliza nani ana kanga wafunike. Sesilia akajitokeza. Akaifungua kanga yake, ile niliyomnunulia mimi, akaitanda juu ya benchi, na Mwalimu akaingiza kichwa ndani kumwonyesha.

Vichwa viwili ndani ya kanga moja, mbele ya kanisa, na mimi nimesimama nje kama mchunga punda.

Walikaa mle muda wa kutosha. Alipotoka alikuwa anacheka, macho yanang'aa. Watoto wakaingia kwa zamu kutazama, Mwalimu akaanza kueleza. Alisema siki ni tindikali. Alisema inalila lile bati polepole, na bati likiliwa ndipo linaachia umeme, umeme unapita kwenye waya kwenda upande wa shaba, na ndani ya kikombe siki yenyewe inakamilisha njia. Akaendelea kusema jambo fulani kuhusu vyuma. Hilo sikulisikia. Mimi nilikuwa naitazama kanga.

Sasa hapo nikaanza kuumwa. Wateja wakija mezani: "Fundi, mwenzako hatumii betri." Mwingine: "Fundi, redio yangu ngoja kwanza, nitampelekea Mwalimu ainyweshe siki." Nacheka nao. Ndani nachemka. Waya wangu, betri zangu, kanga yangu, halafu umeme umekuwa wake.

Na hilo lingekuwa hilo tu, ningemeza. Lakini kila jioni akitoka shule Mwalimu anapitia kwa wauza mchele. Anasimama pale, anaongea na Sesilia Kipimbwe. Si kwamba wananong'ona. Wanaongea kwa sauti, mbele ya mama mtu, na mimi niko hapo jirani nimeshika bisibisi. Naona midomo inakwenda, naona anacheka, sijui anachekea nini. Ningekuta wamejificha ningejua pa kushika. Mtu akiongea waziwazi lugha usiyoijua, utamkamata kwa lipi?

Mayu ana kanga imeandikwa "Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda." Nimeiona kwenye kamba mwaka mzima, nikidhani ni maneno ya wanawake. Suruali yangu siku hizi naifunga kamba.

Nikaanza kujiuliza maswali ya kijinga. Huyu mwenzake wana lugha moja. Wazee wao wanafahamiana. Akimwoa, hakuna atakayeuliza habari ya ng'ombe kula mpunga. Wanafanana kila kitu. Mimi na Sesilia tunafanana nini? Hata ugali yeye anaupenda laini.

Leo asubuhi ndiyo nikaharibu. Nilifika sokoni mapema, nikamkuta Mwalimu tayari pale kwa wauza mchele, amechuchumaa, ameshika kikapu cha Sesilia anamsaidia kupepeta. Ameharibu mchele wote kwa kutojua kupepeta, chuya zimerudi ndani, na bado anachekewa. Wakati huo huo akapita shemeji yangu Nkwabi na baiskeli, anakwenda kambini kwa baba anakochungia ng'ombe, kule bondeni upande wa Rukwa. Nikamsimamisha.

Nikamwambia: "Mwambie baba ng'ombe zisubiri."

Nkwabi akashusha mguu. "Zisubiri mpaka lini?"

"Zisubiri tu."

Akanitazama, akatazama kule kwa wauza mchele, akapanda baiskeli akaondoka bila kuaga. Sesilia sikumwambia. Mayu sikumwambia. Nilijisikia mwanaume kwa muda wa kama kunywa chai moja, halafu nikaanza kujisikia ovyo.

Na kwa kuwa mtu aliyekwisha kosea hakosi la kuongeza, nikaamua ni leo nimwonyeshe Mwalimu kwamba umeme si wake. Leo ni gulio, watu wamejaa. Nilikuwa nimejiandaa tangu juzi. Nilifikiri hivi: kama siki inatoa umeme kwa ukali wake, basi nitafute kikali kuliko siki. Nikachukua kibuyu cha mayu cha maziwa mgando, yaliyokwisha chachuka mpaka yanapiga pua. Nikakamulia ndimu humo. Ukionja, ulimi unajikunja wenyewe.

Vyuma sikuvihangaikia. Mimi nimefungua betri ya gari kwa mikono yangu, na humo ndani sahani zote ni risasi, hakuna kopa wala nini. Mwenye gari akiona betri imechoka anasema asidi imekwisha, anaongeza, inapata nguvu. Kwa hiyo kwangu mimi nguvu ni maji yake, vyuma ni vya kushikia waya. Nikachukua bati jipya lililobaki tulipoezeka nyumba ya mayu, nikakata vipande vyote sawa kwa sawa, nikavisugua kwa mchanga mpaka vinang'aa. Vilipendeza kuliko yale matambara ya Mwalimu. Nikapanga vikombe vingi kuliko vyake, kila kikombe bati huku na bati huku.

Watu wakakusanyika. Nikawaambia, nyie subirini, Wasukuma tuna umeme wetu kwenye vibuyu. Wakacheka vizuri, cheko la kunipenda. Nikamimina maziwa, nikafunga kitaa.

Hakikuwaka.

Nikakaza waya. Nikapuliza. Nikageuza kitaa, labda nimekifunga kinyume. Nikaongeza ndimu. Nikatoa mita yangu ya kupimia, nikagusa huku na huku. Sindano imelala kwenye sifuri kama mgonjwa.

Mzee mmoja muuza tumbaku akasema, "Fundi, ng'ombe zako zimegoma." Soko lote likaanguka kicheko. Lile cheko la kunipenda lilikuwa limekwisha.

Mwalimu Deo naye akaja. Akainama akachungulia kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Hakucheka, lazima niseme ukweli. Alinyanyuka akamwambia Sesilia maneno mafupi kwa Kipimbwe. Sesilia akacheka mpaka akashika mbavu.

Nikasema kwa sauti ambayo hata mimi nilishangaa imetoka wapi: "Semeni Kiswahili wote tusikie. Au mna siri?"

Mama yake Sesilia aliacha kupima mchele, kibaba kiko hewani. Mwalimu akatazama chini. Nilijua hapo hapo kwamba nimesema kitu kisichorudi.

Sesilia akaja mpaka mezani kwangu, polepole. Akaanza kuivuta bangili ya mayu mkononi. Ilikuwa imembana, akaizungusha, akaipitisha kwenye kifundo, ikatoka.

Nilijua ndiyo inarudi, mbele ya gulio zima, tena nastahili. Nikanyoosha mkono kuipokea, maana ningefanya nini kingine?

Hakunipa. Alitoa kipande kimoja cha bati kwenye kikombe cha kwanza, akakiweka mezani. Akauvuta waya uliokuwa umekishika, akauzungushia kwenye bangili. Halafu akaitumbukiza bangili ya bibi yangu ndani ya maziwa mgando.

"Mwenzako aliweka cheupe na chekundu," akasema. "Wewe umeweka cheupe na cheupe. Haya, pima."

Nikapima kikombe hicho kimoja. Nikagusa bangili na bati kwa ncha za mita. Sindano ikanyanyuka. Ikapanda, ikasimama pale juu, haikushuka. Si kwa kuwasha kitaa, kikombe kimoja hakitoshi, lakini ilikuwa imesimama.

Watu wakasema "aaa," wakaanza kutawanyika, wanavyofanya watu kikishaeleweka kitu. Mwalimu akanieleza hapo hapo, taratibu, kile nilichokosa kukisikia siku ile kwa ajili ya kuitazama kanga. Kwamba tindikali peke yake haina umeme, ni njia tu. Kwamba vyuma vya aina moja vikikaa humo havina cha kupeana, kila kimoja ni sawa na mwenzake. Lazima viwe tofauti, kimoja chepesi kuliwa na kingine kigumu. Hata sahani za betri ya gari, akasema, machoni ni moja, lakini nusu yake zina ngozi nyingine juu. Alieleza vizuri. Ni mwalimu mzuri, na hilo nalo liliniuma.

Na kopa nilikuwa nayo. Kopo zima la waya wa kopa liko pale pale mezani, karibu na kiwiko changu. Lilikuwepo muda wote.

Soko lilipopungua Sesilia alibaki ananisaidia kukusanya vikombe. Sikuweza kuvumilia. Nikamuuliza Mwalimu alisema nini.

"Alisema, huyu mtu wako anashindana na mimi au anashindana na bati?"

Halafu nikauliza lile lingine, lile hasa.

"Alinitaka, ndiyo," akasema, kama mtu anayetaja bei. "Alipokuja, kabla hajajua. Nikamwambia nina mtu."

"Na bado anakuja kila jioni."

"Anakuja kwa ajili ya mdogo wa mama yangu, yule binti wa Usevya anayemtaka sasa. Ananituma salamu. Wewe ungeniuliza ningekwambia siku ile ile."

"Lakini ni Mpimbwe mwenzako," nikasema. Nasikia aibu kuandika kwamba nilisema hivyo.

Akaweka kikombe chini, akaniita kwa jina. "Maduhu. Mimi nimezaliwa hapa. Kulia Wapimbwe, kushoto Wapimbwe. Ningetaka Mpimbwe ningekosa?"

Akajifunga kanga, akamwita mama yake waondoke. Nikamkumbusha bangili, bado ilikuwa kwenye maziwa. Akasema:

"Iache. Utaniletea mwenyewe Jumatatu, na ng'ombe."

Akaondoka. Nami sikumwambia.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Lakini mama yake alikuwa ameshabeba gunia, njia ilikuwa inajaa watu, na neno lenyewe lilikuwa kubwa kuliko mdomo. Wazee wa kwao wamekwisha alikwa. Pombe imekwisha pikwa. Nimepita kwao nimeisikia harufu yake. Jumatatu watakaa kwenye viti vyao wanatazama njia ya bondeni, na njia haitakuwa na vumbi hata la ng'ombe mmoja. Wale waliosema Msukuma wa nini watatazamana tu. Sesilia atakuwa amekaa ndani, mkono mtupu.

Nimerudi nyumbani, nimekuta mayu amenuna kwa ajili ya maziwa yake. Bado hajui ana sababu kubwa zaidi ya kununa. Nimemwaga vikombe nyuma ya zizi. Lile bati lililokaa na bangili limepata mabaka, limefifia, ukilipitishia kidole linakwaruza. Bangili imetoka nyekundu safi, ile kutu ya kijani ya miaka yote imeondoka, unaona hata alama za nyundo ya fundi aliyeitengeneza. Mwalimu alisema bati ndilo linaloliwa. Nimekaa nalo mkononi nalitazama kwa muda.

Nani amenila mimi wiki hizi mbili? Deo hakunigusa. Sesilia hakunigusa. Nilijitia mwenyewe kwenye kikombe.

Basi ni hivi. Kesho kabla ya jogoo nachukua baiskeli naenda kambini. Misa itanisamehe. Nikiwahi, ng'ombe zinaweza kuanza safari mchana, zilale njiani, Jumatatu ziwe zimefika. Nikiwahi. Na baba akikubali. Baba si mtu wa kusimamishwa na kuondoshwa kama gari la mkaa. Ukimwambia simama amesimama, na ukimwambia ondoka anataka sababu, mbele ya Nkwabi na wachungaji wote.

Ningeweza kumdanganya. Ningesema niliota vibaya, au nilisikia kuna ugonjwa wa ng'ombe njiani. Nimeupanga uongo huo mara kadhaa tangu nikae hapa, na kila mara unatoka mzuri kuliko ukweli. Lakini ni uongo uliotufikisha hapa, ule niliokuwa najiambia kila jioni nikiwa nimeshika bisibisi. Nitasema ukweli, anicheke. Atacheka mpaka meno yote yawe nje.

Na nikirudi salama, nitamwambia Sesilia pia nilichokuwa nimefanya. Hapo ndipo ninapoogopa kweli.

Bangili nimeivaa mimi isije ikapotea. Inanibana, na inanuka maziwa. Mayu ameniona nayo akauliza imekuwaje iko kwangu. Nikamwambia nimepewa niisafishe.

Baba ataniuliza swali moja tu, namjua. Ataniuliza ni kitu gani kimebadilika tangu leo asubuhi mpaka nimwambie aondoke tena. Nimekaa hapa nalitafutia jibu mpaka karatasi siioni vizuri. Maana upande wa Sesilia hakuna kilichobadilika. Hakijawahi kubadilika.